Onyo Nililolifuta

Walikuwa wanacheka, na ndimi zao zote zilikuwa za buluu.

Keki ilitengenezwa kwa umbo la ukurasa wa kompyuta, ikapakwa sukari ya buluu kali kama dawa ya kusafishia vyoo, na juu yake mtu alikuwa ameandika kwa krimu nyeupe: HONGERA SMARANDA. Casian, mkuu wetu wa kazi, alinikatia kipande cha kwanza, chenye herufi ya kwanza ya jina langu. "Kula, mpenzi, hii ni yako," akasema. Meno yake, ambayo siku zote yalikuwa meupe kupita meno ya kuzaliwa nayo, yalikuwa yameota ukungu wa buluu kwenye ufizi. Nikala. Nilikuwa na miezi mitatu tu kazini, na walinifanyia sherehe kwa sababu ukurasa niliouandika upya ulikuwa umewaletea watumiaji wengi kuliko ukurasa mwingine wowote mwaka ule.

Sukari iling'ang'ania kaakaani. Nilikwenda msalani, nikautoa ulimi mbele ya kioo, nikausugua kwa karatasi ya kukaushia mikono mpaka ukauma. Rangi haikutoka. Nilijiambia kwamba kichefuchefu kile kilitokana na keki.

Ofisi yetu ilikuwa katika mji wa Iași, Romania, ndani ya kiwanda cha zamani cha nguo ambacho mama yangu mdogo alikishonea mashati miaka kumi na tisa. Walikuwa wameacha ukuta mmoja wa matofali bila kuupaka rangi, ili wageni waushangae. Kulikuwa na kapu la matunda ya bure, viti vya kubembea, na bango kubwa mlangoni: HAPA SOTE NI FAMILIA. Niliingia siku ya kwanza moyo ukinidunda kwa furaha. Nasema hivi kwa sababu nisingependa mtu adhani niliburutwa.

Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa sarufi huko Pașcani. Watoto walipungua mwaka hadi mwaka, wazazi wao wakiwachukua kwenda kuvuna matunda ya watu Uhispania na Italia, mpaka madarasa mawili yakawa moja na walimu wawili wakawa mmoja, na huyo mmoja hakuwa mimi. Nikaanza kutafsiri vijitabu vya mashine za kufulia. Siku moja binamu yangu, mwenye duka la mikate, akaniomba nimtengenezee tovuti. Sikujua hata inaanzia wapi. Nikafungua kile ambacho kila muunda tovuti hukifungua: zile nyaraka kubwa za mtandaoni ambazo watu huziandika kwa pamoja, kila mmoja alipo, kueleza jinsi kila kipande cha tovuti kinavyofanya kazi. Hazina mwenyewe. Yeyote anaweza kupendekeza sahihisho. Wahakiki wawili wakiridhia, linaingia. Na kila badiliko hubaki limeandikwa katika historia ya ukurasa: nani, lini, na kwa sababu gani.

Katika toleo la Kiromania nilikuta sentensi iliyosema kinyume cha ilichokusudia. Neno "si" lilikuwa limekaa pasipo pake. Nikapeleka sahihisho langu, nikajiona nimeikomboa nchi.

Mhakiki alilikataa. Jina lake lilikuwa Anghel Botezatu, fundi mstaafu wa simu wa mji wa Botoșani, na aliandika hivi: "Sentensi umeitibu, msomaji umemuua. Maneno thelathini na moja kabla ya kitenzi? Rudia." Nikarudia. Akakataa. "Kwa nini 'inaweza'? Inafanya au haifanyi? Kajaribu kwanza, ndipo uandike." Mara ya nne alikubali, akaongeza: "Karibu, mwalimu. Sasa kuna nyingine mia sita."

Kwa miaka miwili nilifanya kazi ile bure, mezani kwetu jikoni, nikiwa na furaha ambayo sijaipata tena mpaka leo. Mimi na Mzee Anghel tulionana uso kwa uso mara moja tu, alipokuja Iași kupimwa macho. Tulikula supu ya tumbo la ng'ombe karibu na stesheni. Alikuwa mfupi, mwenye masikio makubwa, na alimimina siki kwenye bakuli lake kana kwamba anazima moto.

"Unajua anayetusoma ni nani?" akaniuliza.

"Muunda tovuti."

"Muunda tovuti gani? Kashiba? Kalala? Sikiliza, mama. Anayetusoma ni mtu aliyekwama. Mkuu wake anamfokea, mtoto ana homa, na kile kitu hakifanyi kazi. Mtu huyo hatusomi sisi kwa kupenda. Anatuamini kwa sababu hana la kufanya. Ukishamdanganya mtu wa namna hiyo, hakuna adabu iliyobaki duniani."

Kampuni moja ya Iași ndiyo iliyokuwa ikifadhili toleo letu. Ilipotangaza kwamba inaajiri mwandishi wa kudumu, ni Mzee Anghel aliyeniandikia barua ya kunipendekeza. "Nenda," alinambia kwenye simu, "kabla hawajachukua mpumbavu mwingine."

Ndivyo nilivyoanza kuitwa mwandishi, kwa kadi yenye picha iliyoning'inia shingoni.

Wiki za kwanza nilifundishwa lugha. Mimi, niliyefundisha sarufi miaka tisa! Tulikuwa na mwongozo wa uandishi, na ndani yake "kasoro" iliitwa "tabia," "tatizo" liliitwa "changamoto," na kitu kisichofanya kazi kilisemwa kuwa "kinaendelea kuboreshwa." Otilia, mwandishi mwenzangu aliyekaa dawati la mbele yangu, mama wa mapacha, alikuwa akitafuna tufaa la kapuni na kunitazama ninavyosoma.

"Usikunje uso, shoga yangu," akasema. "Utazoea. Mimi mwanzoni nilikuwa nakwenda nyumbani nakoga mara mbili."

Kampuni ilikuwa na kitu chake ilichokitoa bure kwa waunda tovuti: fomu iliyokwisha kutengenezwa, unaichukua na kuiweka kwenye tovuti yako, watu wanajaza. Uzuri wake ni kwamba ilikumbuka kila alichoandika mtu hata kabla hajakituma, ili umeme ukikatika asianze upya. Ubaya wake ulikuwa huohuo. Mzee Anghel aliijaribu, akauona, akaweka onyo juu kabisa ya ukurasa wa nyaraka zetu ulioieleza fomu hiyo, ndani ya kisanduku chekundu: "Fomu hii huhifadhi kila kinachoandikwa, hata kama hakikutumwa. Kwenye kompyuta ya watu wengi, atakayekaa baada yako ataona yote. Ukiuliza watu mambo ya siri, zima hifadhi hii."

"Smaranda," Casian akaniambia siku moja, akiwa ameketi kwenye ukingo wa dawati langu na harufu yake ya ndimu na ngozi mpya, "lile onyo limekaa mlangoni kama mbwa. Watu wanafika, wanaogopa, wanakwenda kwa wenzetu."

"Lakini ni kweli."

"Nani kasema si kweli? Ukweli una mahali pake. Mpeleke mbwa uani."

Nikalishusha chini ya ukurasa. Nilijiambia kwamba bado lipo; asomaye mpaka mwisho atalikuta.

Wiki mbili baadaye akarudi. Mbwa yuko uani, akasema, ila bado anabweka. Nikaondoa kisanduku chekundu, nikaandika: "Katika mazingira fulani, rasimu inaweza kuonekana na mtumiaji anayefuata." Nilipoandika lile "inaweza," vidole vyangu vilijua. Mimi ndiye niliyewafundisha watoto wa Pașcani kwamba sentensi isiyo na mtenda ni nyumba ambayo mwizi hupitia nyuma, na sasa nilikuwa nayatumia maarifa yaleyale kumfungulia.

Mchovya asali hachovyi mara moja. Mara ya tatu Casian hakuhitaji hata kuketi. Alipita tu, akainua nyusi, nami nikafuta. Mahali pa onyo nikaweka: "Hifadhi ya rasimu humwondolea mtumiaji usumbufu wa kuandika upya." Ilikuwa sentensi nzuri. Ilisomeka kama maji. Wahakiki wawili, wote wafanyakazi wa kampuni, wakaridhia kabla kahawa yangu haijapoa.

Mzee Anghel alipinga hadharani, chini ya ukurasa, mahali pa mjadala. Aliandika aya mbili, akaonyesha majaribio yake, hatua kwa hatua. Casian akanitaka mimi nijibu, kwa kuwa tunafahamiana. Nikamjibu mtu aliyenifundisha kazi: "Asante kwa mchango wako. Mabadiliko haya yanalingana na mwongozo wetu wa uandishi."

Akarudisha mstari mmoja. "Smaranda, msomaji huyu ni nani?"

Pale pana kitufe cha kufunga mjadala. Nikakibonyeza.

Juma lililofuata ndipo ikaja keki.

Barua ilifika baada ya wiki saba. Haikutumwa kwangu, iliwekwa kwenye ukurasa, waziwazi, na mwanamke aitwaye Ruxandra Ciobotaru, mkutubi wa Bârlad. Ninaikumbuka nzima, lakini nitasema kiini chake tu. Alikuwa amejifunza mwenyewe, jioni baada ya kazi, kuitengenezea tovuti ofisi ndogo ya wanawake wanaotaka kuwakimbia waume wanaowapiga. Aliusoma ukurasa wetu neno kwa neno. Akaitumia fomu yetu. Mama mmoja akaenda maktaba, akakaa kwenye kompyuta ya umma, akaandika siku anayotaka kuondoka na nyumba atakayojificha. Kisha akaogopa, akaondoka bila kutuma. Aliyekaa baada yake alikuwa wifi yake. Mume alimngoja mlangoni na kikaango cha chuma. Taya lilivunjika pande mbili, meno matatu yakatoka.

"Siandiki kumlaumu mtu," barua ilimalizia. "Nataka kujua nilikosea hatua gani, kwa sababu nimezirudia zote na sioni."

Nilisoma mstari huo wa mwisho mara nyingi kuliko ile habari ya taya. Kisha nikafungua historia ya ukurasa. Jina langu lilikuwa pale mara tatu, moja chini ya jingine, na mbele ya kila moja sababu niliyoitoa kwa mkono wangu: "Kuboresha mpangilio." "Kuboresha ufasaha." "Kuboresha uzoefu wa msomaji." Nilihisi kitu kinanipanda kooni, kichungu na cha moto, nikakimeza, kikapanda tena. Safari hii sikuwa na keki ya kuisingizia. Kilichonitia kinyaa kilikuwa mimi. Kilikuwa unadhifu wa zile sentensi, jinsi zilivyochanwa nywele na kufungwa tai.

Nikaenda kwa Casian. Alikuwa ameshaisoma.

"Inasikitisha sana," akasema. "Kweli inasikitisha. Hatujibu."

"Anauliza alikosea wapi."

"Tukijibu tumekiri. Idara ya sheria watamwandikia kitu." Aliweka mkono begani mwangu. "Usijitese. Wewe hukumpiga mtu. Kwani wewe ndiye uliyeshika kikaango?"

Mkono wake ulikuwa na joto na unyevunyevu kidogo, na niliuona uzito wake begani muda mrefu baada ya kuuondoa. Juu ya meza yake kulikuwa na ganda la chungwa alilolimenya vizuri, duara moja refu lisilokatika. Sijui kwa nini lile ganda lilinichukiza kuliko maneno yake.

Nilirudi dawatini. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa ukumbini, watu wanagonga vitufe vyao. Nikalirudisha onyo la Mzee Anghel, kisanduku chekundu na yote, juu kabisa. Mahali pa sababu nikaandika: "Onyo hili lilikuwa la kweli. Mimi, Smaranda Hriscu, nililiondoa kwa hatua tatu ili fomu ipendwe zaidi. Fomu inaweza kuonyesha siri za mtu kwa mwingine, na mtu ameumia. Nalirudisha."

Lakini onyo lisingeingia kwa mkono wangu peke yake. Lilihitaji wahakiki wawili. Wa kwanza aliridhia baada ya dakika nne, kutoka Botoșani, bila neno. Wa pili alipaswa kupatikana, na wote waliobaki walilipwa na kampuni ileile.

Nikainua macho. Otilia, naye mhakiki, alikuwa anasoma kwenye skrini yake. Alisoma polepole, midomo ikicheza, kama mtoto. Alikuwa na tufaa mkononi, limeumwa mara moja. Aliliweka chini.

"Kichaa wewe," akanong'ona bila kunitazama. "Unajua nina mapacha."

"Najua. Sikukuomba."

"Ndiyo maana nakuchukia." Akabonyeza.

Tuliitwa kabla ya chakula cha mchana. Casian hakupiga kelele; watu wa namna yake hawapigi kelele. Alimgeukia Otilia kwanza, na Otilia akasema, macho yakiwa zuliani, "Sikusoma. Nilikuwa na kazi nyingi, nikaridhia tu. Smaranda alinidanganya." Nilimwangalia akisema hivyo, masikio yamemwiva, na sikumkasirikia. Kazi aliyopaswa kuifanya alikuwa ameshaifanya.

"Ni kweli," nikasema. "Nilimdanganya."

"Hapa sisi ni familia," Casian akaniambia kwa huzuni, huku akinyoosha kiganja nimpe ile kadi ya shingoni.

Onyo hawakuweza kulitoa tena. Kufikia jioni watu mia tatu walikuwa wamesoma niliyoyaandika, na kila mara kampuni ilipojaribu kulishusha, mtu fulani, wa Cluj, wa Chișinău, mwanafunzi mmoja wa Tulcea, alikuwa analipandisha. Baada ya siku tano wakaacha. Mwaka uliofuata waliirekebisha fomu yenyewe, wakatangaza kwamba wamesikiliza jamii.

Kuhusu Mzee Anghel, nilimwandikia barua ndefu ya kuomba radhi. Alichukua siku tisa kujibu, na jibu lake halikugusa radhi hata kidogo. "Katika sababu yako umeandika 'fomu inaweza kuonyesha,'" alisema. "Inaweza ya nini tena? Imeshaonyesha. Rekebisha."

Nikarekebisha.

Miaka minane imepita. Bado naishi kwa kuandika nyaraka, mahali pengine, na vijana wanaoanza huniuliza nilianzaje. Wanataka kusikia habari za bidii na bahati. Huwa nawaambia nilianza kwa kusahihisha "si" moja. Wanacheka, na mimi nawaacha wacheke. Sijawahi kuwaambia kuhusu Bârlad.

Nilikwenda Bârlad wiki mbili baada ya kufukuzwa. Ile ofisi ya wanawake ilikuwa chumba kimoja chini ya jengo la ghorofa, jirani na mchonga funguo, na mashine ya jirani ilikwaruza chuma muda wote tuliokuwa pale. Ruxandra Ciobotaru alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwenye sweta ya kijivu na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilikuwa nimempigia simu kabla, nikamwambia mimi ni nani.

"Nilidhani utakuwa mtu mzima zaidi," akasema mlangoni.

Alikuwa ameuchapa ukurasa wangu kwenye karatasi. Kila agizo alikuwa amelipigia mstari kwa penseli nyekundu, na pembeni ameweka alama ya kwamba ametimiza. Akanisogezea.

"Hili nilifanya. Hili nilifanya. Hili, nilifanya mara mbili kwa sababu sikuelewa. Niambie nilikosea wapi."

"Hukukosea, mama."

"Sikusikii. Hiyo mashine."

"Hukukosea popote," nikasema kwa sauti. "Ulifanya kila tulichoandika. Tuliandika uongo. Mimi ndiye niliyeuandika."

Nilimuuliza hali ya yule mama. Yuko kwa ndugu zake, akasema, mji mwingine, anakunywa supu kwa mrija. Nilimuuliza kama ningeweza kumwandikia. "Ili upate nini?" akajibu, na hapakuwa na ukali katika sauti yake, alitaka kujua tu.

Tukafungua kompyuta. Nilimwonyesha mahali pa kuzima hifadhi. Ilikuwa neno moja, unafuta "ndiyo," unaandika "hapana."

"Ni hilo tu?" akauliza.

"Ni hilo tu."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa tena. "Sasa nifundishe kukagua mwenyewe," akasema. "Kila kitu. Nisije nikawategemea tena nyinyi."

Nikamfundisha. Tulikaa saa tatu, bega kwa bega. Nilimwonyesha jinsi ya kuangalia fomu inaficha nini na inahifadhi wapi, na jinsi ya kuijaribu kama adui badala ya rafiki. Alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote niliopata kuwafundisha, hakuniruhusu niseme "kwa kawaida" wala "mara nyingi." Hakunikaribisha hata maji. Tulipomaliza alizima kompyuta, akaikunja ile karatasi yenye mistari myekundu, akaitia kwenye jalada.

Nilinyanyuka, nikamnyooshea mkono. Aliutazama kwa muda, kama mtu anayesoma kitu ambacho atalazimika kukiamua peke yake. Kisha akageuka, akalichukua koti langu kwenye msumari, akanipa.

"Basi la Iași linaondoka saa kumi na nusu," akasema. "Ukitembea haraka utaliwahi."

Nikatembea haraka.